Siku Kilima Kiliponguruma

Kijijini pale kila mtu alimwita Moja-Mbili, na wachache waliolikumbuka jina alilopewa na wazazi wake walikuwa wazee waliokwisha kusahau mengine mengi. Kazi yake ilikuwa kukodisha spika. Arusi, msiba, kampeni, mahafali ya shule, chanjo ya mifugo: popote watu zaidi ya hamsini walipotaka kusikilizana, pikapu lake la buluu lilitangulia kufika. Alishuka na waya begani, akafunga hiki, akachomeka kile, kisha akaisogelea maikrofoni na kusema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Basi. Baada ya hapo alirudi nyuma ya amplifaya yake, na hutamsikia tena mpaka shughuli iishe. Miaka ishirini na minane aliwapa wengine mdomo, wa kwake akautunza.

Ungedhani alikuwa mtu wa huzuni. Wala! Raha alikuwa nayo tele, ila raha yake ilikaa masikioni. Nyumba yao ilikuwa ya mafundi wawili: yeye upande huu na marundo yake ya nyaya, na mkewe upande wa pili na cherehani. Kati yao palikuwa na ukuta tu. Mara nyingine mke akiwa anashona, Moja-Mbili angesema kutoka upande wake, bila kuinua kichwa, "Sindano imepinda." Mke angesimamisha cherehani, angeinama na kuangalia, na kweli sindano imepinda. "Mume gani huyu," angesema, "hata siri ya sindano anaijua!" Nao wangecheka kila mmoja na ukuta wake.

Dada yake mkubwa alikuwa kinyume chake kabisa. Huyu alikuwa mjane, mfuga mbuzi, na watu walimwita Tarumbeta. Ilisemekana wazazi wao walikuwa na gunia moja tu la maneno la kuwagawia watoto wawili, na dada, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, akalibeba lote. Nyumba yake ilikuwa peke yake kwenye mteremko wa kilima unaotazama bahari. Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa pili wa kilima, bondeni. Akiita mbuzi wake kule asubuhi, huku bondeni watu waliamka.

Basi mwaka mmoja ikaja kampuni kutoka mjini na habari ya minara kumi na minne ya umeme wa upepo, yote ipangwe juu ya mgongo wa kile kilima. Ilikuwa minara mirefu yenye mapanga matatu matatu yanayozunguka. Watu hawakuchelewa kuipa jina: mafeni. Kijiji kikapasuka katikati kama muwa. Wengine walitaka umeme wa zahanati na barabara iliyoahidiwa. Wengine waliuliza juu ya malisho, ndege, na usingizi wa watoto, maana walikuwa wamesikia kwamba mafeni hayo yanapiga kelele usiku na mchana.

Tarumbeta akawa mbele ya wale wanaokataa, na wala hakuchaguliwa na mtu. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na minara, na jambo lililomuudhi kuliko yote halikuwa hata kelele.

"Walikuja na ramani iliyokwisha kuchorwa," alisema kila mahali. "Mgeni anayepima kitanda chako kabla ya kubisha hodi, huyo si mgeni."

Moja-Mbili naye alikodisha spika pande zote mbili. Asubuhi kampuni, jioni wapinzani. Siku moja dada yake akamkuta akiviringisha waya baada ya mkutano wa kampuni, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe ni ndugu yangu, au ni bomba la mtaa, kila mwenye ndoo anakinga?"

"Dada, nyinyi mtanilaumu bure. Wewe hata spika huihitaji. Jana betri ilipokufa uliendelea kusema, watu hawakujua."

"Usinichekeshe, nimekasirika!" alisema Tarumbeta, huku akicheka.

Siku ya mkutano mkuu ikafika. Ulifanyika katika ukumbi wa shule, madirisha wazi, wengine wamekaa juu ya madawati na wengine wamening'inia madirishani. Kampuni ilimtuma mhandisi wake, mwanamke kijana mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi la siku tatu. Kando yake aliketi mwenyekiti wa kijiji, bwana mwenye tumbo la kuheshimika, aliyekuwa mtetezi namba moja wa mafeni. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba nzuri pale bondeni, yenye vioo kila upande, na alitaka taa ziwake ili nyumba ionekane.

"Kwa nyumba iliyo karibu zaidi," mhandisi alieleza, "sauti itakuwa kama ya friji iliyo chumba cha pili."

"Mimi sina friji!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Nitajuaje?"

Ukumbi ukacheka. Tarumbeta akasimama. "Mimi nimeambiwa na mtu aliyeishi karibu nayo. Ni kama treni inayokuja na haifiki!"

"Friji!" wakaitikia wa upande huu.

"Treni!" wakajibu wa upande ule.

"Friji!" "Treni!" "Friji!" Ikawa kama uwanja wa mpira. Mwenyekiti alipiga meza mpaka kiganja kikawa chekundu, hakuna aliyemsikia.

Moja-Mbili alikuwa kwenye kona yake, nyuma ya amplifaya, na kitu kilikuwa kinamwasha kifuani. Mambo ya malisho hakuyajua, wala ya ramani. Sauti aliijua. Alikuwa anawatazama watu mia tatu wakigombania sauti ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisikia, na ilimuuma, kama mpishi anayewaona watu wakishikana mashati juu ya chumvi ya chungu kisichoonjwa. Akasimama. Akapiga moyo konde, akaichukua maikrofoni kutoka mezani.

Waliomwona wakadhani anataka kuijaribu. "Samahanini," alisema. Ukumbi ukanyamaza kwa mshangao. "Hapa ndani, nani ameyasikia haya mafeni kwa masikio yake mwenyewe?"

Watu wakatazamana. Akamgeukia mhandisi. "Wewe, binti yangu, umewahi kulala karibu nayo?"

Mhandisi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. "Hapana," alisema. "Nimesoma vipimo. Kulala sijalala."

"Sauti haibishaniwi, sauti inasikilizwa," alisema Moja-Mbili. "Nipelekeni ilipo. Nitaileta hapa muisikie wenyewe." Akairudisha maikrofoni mezani, akaketi. Mke wake, aliyekaa safu ya tatu na sindano bado zimechomekwa kwenye kola, alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Katika ndoa ya miaka ishirini na sita hakuwahi kumsikia akisema sentensi tano mfululizo mbele ya watu.

Wiki iliyofuata wakaondoka watatu kwa gari la kampuni: mhandisi akiendesha, Tarumbeta kiti cha mbele kwa kuwa mbele ndiko kwa wakubwa, na Moja-Mbili nyuma amekumbatia kinasa sauti chake kama mtoto mchanga. Safari ilikuwa ya saa tano. Saa mbili za kwanza Tarumbeta na mhandisi walibishana. Saa ya tatu walinuniana. Saa ya nne mbuzi walivuka barabara, na mhandisi akasema bila kufikiri, "Yule wa nyuma anachechemea." Tarumbeta akageuka akamtazama upya. "Unajua mbuzi?" Kumbe bibi yake mhandisi alikuwa mfugaji. Kuanzia hapo hapakunyamazwa tena. Walizungumza kwato, kupe, na ukaidi wa madume, na Moja-Mbili akapata usingizi wake wa kwanza wa siku ile.

Huko walikokwenda minara ilikuwa imesimama miaka kumi. Moja-Mbili alitembea mpaka mguuni mwa mmoja, kisha akarudi nyuma hatua mia mbili zilizohesabiwa, akalala chali kwenye nyasi, akafunika macho kwa kofia. Kwanza aliusikia upepo wenyewe. Chini ya upepo akasikia mngurumo mzito, wa aina inayoingia kwa mgongo kabla ya kufika sikioni. Juu ya huo, pigo la panga: vuuu, vuuu, vuuu, kama mtu anayefagia uwanja mkubwa bila haraka. Alilala pale saa nzima. Alipoondoa kofia alikuwa anatabasamu.

"Unacheka nini?" dada yake akauliza. "Adui anakuimbia?"

"Dada, ni sauti nzuri."

"Nzuri!"

"Nzuri kwa saa moja. Kwa miaka ishirini sijui."

Karibu na hapo mama mmoja alikuwa anaanika nguo. Wakamuuliza. "Mimi nimezoea," alisema, akibana shati kwenye kamba. "Mume wangu amehamia chumba cha nyuma." Akafikiri kidogo. "Lakini anasema ni kwa ajili ya kelele za mafeni, si zangu." Akacheka mpaka akaangusha vibanio.

Mhandisi alikuwa na kipima sauti, kidude kinachoshikwa mkononi na kuonyesha kwa namba ukubwa wa sauti. Pale Moja-Mbili alipolala kilisoma hamsini na moja. Moja-Mbili akaandika namba hiyo kwenye kiganja kwa kalamu, akarekodi, wakarudi nyumbani.

Mpango ulikuwa huu. Spika zingepandishwa juu ya kilima, pale panapotakiwa minara, na sauti iliyorekodiwa ingepigwa kwa ukubwa ule ule: hatua mia mbili kutoka kwenye spika, kidude lazima kisome hamsini na moja. Ingekuwa saa tisa alasiri, upepo wa bahari unapokuwa umekaza. Kila mtu angekaa nyumbani kwake na karatasi kutoka shuleni yenye maneno matatu ya kuchagua: Sisikii. Nasikia. Nasumbuka.

"Mnara ni mrefu, spika ziko chini," mhandisi alitahadharisha. "Haitakuwa sawasawa kabisa."

"Ndiyo maana tutazipandisha juu ya jabali," alisema Moja-Mbili. "Haitakuwa sawasawa, lakini itakuwa karibu kuliko friji."

Spika zake mbili kubwa za besi aliziita Mapacha, na kila pacha alitaka watu wanne. Pikapu lilifika nusu ya mlima, likakohoa, likakataa. Ikabidi zibebwe. Mara ya kwanza baada ya miezi mitano, wa friji na wa treni wakajikuta wameshika mzigo mmoja, kila mmoja akiogopa kuonekana ndiye aliyeachia kwanza.

"Inueni upande wa wapinzani, mbona unalala!"

"Upande wenu ndio mzito, una ahadi za kampuni ndani!"

Mwenyekiti naye akajitosa, akavua koti, akashika mpini mpaka kwenye mwinuko wa kwanza, akatangaza kwamba anarudi nyumbani kusimamia usikilizaji. Walipofika juu walikuwa wamelowa jasho, na kicheko kimewavunja mbavu.

Saa tisa kamili kengele ya shule ililia na Moja-Mbili akawasha. Kidude kikasoma arobaini na tisa, akagusa kitufe, hamsini na moja. Akamwachia mhandisi amplifaya, akashuka mbio upande wa bahari, kwa dada yake kwanza.

Alimkuta ameketi mlangoni kwenye kigoda, kitambaa amekifungia nyuma ya masikio ili pasiwe na kizuizi, karatasi gotini, penseli mkononi. Mbuzi walikuwa wanakula bila wasiwasi.

"Mbona huwashi?" aliuliza.

"Nimewasha, dada."

"Basi imezimika."

"Nimetoka huko sasa hivi. Mapacha wanatikisika."

Tarumbeta akainuka. Akaenda kwenye kona ya nyumba, akasimama, akarudi. Akainamisha kichwa kulia, kushoto. Kulikuwa na upepo, na mbuzi akitafuna, basi. Ndugu yake aliutazama mlima akaelewa. Kati ya nyumba na kilele palikuwa na bega kubwa la mwamba, na upepo ulitoka baharini, ukapita juu ya nyumba, ukapanda, ukaichukua sauti na kuipeleka ng'ambo. Hapa mlangoni haikubaki hata chembe.

Dada aliketi tena. Miezi mitano alikuwa amesimama mbele ya watu akisema treni. Hakuna aliyekuwepo pale ila ndugu yake na mbuzi kumi na tisa.

"Na nikiandika nasumbuka?"

"Nitaipokea karatasi yako kama za wengine," alisema Moja-Mbili. "Sitasema kitu. Unanijua."

Alimjua. Huyu ndugu alikuwa kaburi la siri zake tangu utotoni. Tarumbeta aliizungusha penseli vidoleni, akaitazama bahari, akamtazama mbuzi mmoja hasa kama anamwomba ushauri. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa zilizojaa mstari mzima: SISIKII.

"Haya chukua, kabla sijabadilika," alisema.

Moja-Mbili hakupata nafasi hata ya kukunja karatasi. Mhandisi alitokea juu ya bega la mwamba, akiwaashiria wapande upesi. Walipopanda walimkuta mwenyekiti wa kijiji, amevaa fulana ya ndani, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, anapunga mikono kama anayefukuza nyuki.

"Zima! Zimeni hiyo kitu! Vioo vyangu vinazungumza!"

"Vinasemaje, mwenyekiti?" aliuliza mhandisi, akishindwa kuficha tabasamu.

"Vinasema dzzzz! Nyumba nzima! Mama mkwe wangu ametoka nje na sanduku lake, anasema ni tetemeko!"

Nyuma yake alikuja muuguzi wa zahanati, kwa utulivu zaidi, na karatasi yake. Watoto wachanga wanne walikuwa wamelala wodini. Wote wanne wameamka. Bonde lote lililokuwa mkondoni mwa upepo lilikuwa limeupokea mngurumo kama bakuli linavyopokea mchuzi.

Wakakutana shuleni jioni ile ile, jua lingali juu ya paa. Mwalimu mkuu alisoma karatasi moja moja. Ilipofika ile yenye herufi kubwa, Tarumbeta hakungoja isomwe. Alisimama.

"Hiyo ni yangu. Nimewapigia kelele miezi mitano. Leo nawaambia kwa sauti ile ile: mlangoni kwangu sikusikia kitu." Ukumbi ukaguna. Akainua kidole. "Lakini ramani ile bado ilichorwa bila sisi, na mmeona ilichorwa vibaya. Kule bondeni, kwa huyu ndugu yangu mwenyekiti aliyekuwa ananicheka, mafeni yanapiga kelele kuliko mimi!"

Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa na kandambili zote mbili, alisimama taratibu. "Dada yangu," alisema, "leo nimekubali mengi. Hilo sikubali. Kuliko wewe haiwezekani."

Watu walicheka mpaka wakapiga madawati. Tarumbeta mwenyewe alilazimika kushikilia bega la mama asiye na friji ili asianguke.

Baada ya siku ile mambo hayakwenda haraka, lakini yalikwenda. Mhandisi alirudi mjini na karatasi mia mbili na arobaini ndani ya bahasha, na wakubwa wake, waliokuwa wamezoea kupokea malalamiko, hawakujua la kufanya na vipimo. Upepo ulipogeuka, miezi minne baadaye, jaribio likarudiwa, maana Moja-Mbili alisisitiza kwamba kilima kina misimu miwili na haki ni kuisikiliza yote. Safari hii Tarumbeta alisikia. Aliandika: "Nasikia kidogo, kama mtu anayekoroma nyumba ya tatu. Navumilia." Hatimaye ramani ikachorwa upya, na safari hii ilichorwa juu ya dawati la shule, penseli ikipita mkono kwa mkono. Minara mitano iliyokuwa juu ya bonde ikaondolewa kabisa. Iliyobaki tisa ikasogezwa mbele kwenye ncha kavu ya kilima isiyo na nyumba. Uzio uliokuwa umepangwa kuzunguka minara ukafutwa, njia ya mbuzi ikabaki. Zahanati ikapata taa. Wapo waliosema minara tisa ni mingi, wapo waliosema ni michache, na Tarumbeta alisema mpaka kesho kwamba inamharibia mandhari, ila mbuzi wake walipenda kivuli chake.

Habari ilisafiri. Vijiji vingine vya pwani, vilivyokuwa vinavutana na kampuni zao, vikaanza kumwita Moja-Mbili na Mapacha wake. Alikwenda, na dada yake alikwenda naye, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuwaeleza watu wanyamaze, na hakuna aliyeweza kunyamazisha kijiji kizima kwa pumzi moja kama yeye. Walikuwa wakirudi jioni wamechoka, pikapu limejaa vumbi, dada akisimulia na ndugu akisikiliza. Mkewe alisema mume wake sasa anazungumza hata mezani. Jumanne moja alisimulia kisa kizima, mwanzo hadi mwisho, na chakula kikapoa.

Mwaka wa tatu mhandisi aliolewa. Alileta kadi mwenyewe, na Moja-Mbili alipouliza ukumbi una ukubwa gani ili ajue spika za kupeleka, mhandisi alitikisa kichwa. "Fundi, safari hii wewe ni mgeni wangu. Spika nimekodi kwingine. Uje ukae, ule, ufurahi."

Wakaenda watatu, mke amemshonea suti ya kijivu na wifi yake gauni la zambarau. Walipewa meza ya mbele. Mtu wa spika alikuwa kijana mwenye vifaa vipya vinavyong'aa, na maikrofoni yake ilikuwa inapiga mluzi. Moja-Mbili alikaza meno. Mluzi ukarudi. Akashika uma, akaulaza.

"Kaa," Tarumbeta alimwambia, akimshika koti. "Leo wewe mgeni."

"Nimekaa."

"Mguu mmoja uko nje ya meza."

"Ameielekeza maikrofoni kwenye spika, dada. Ni kuigeuza tu kidogo. Sekunde moja."

"Mwache aende, wifi," alisema mkewe, akimfungua kifungo cha koti lisije likachanika. "Akibaki hapa tutakuwa na mgonjwa."

Akaenda. Kijana akamsogezea nafasi. Muda si muda mluzi ukakatika, muziki ukatoka safi, ukajaa ukumbi mpaka kwenye kona zake, na bibi arusi aliyekuwa katikati ya uwanja akageuka, akamwona fundi wake amesimama nyuma ya amplifaya na suti yake ya kijivu, akaangua kicheko. Akaja akamshika mkono kumtoa huko. Tarumbeta alikuwa amekwisha kuinuka, na mke naye, na wote wanne wakaingia uwanjani kucheza.